Yaliyomo: Tupu

Juu ya meza yangu, chini ya taa isiyo na joto,
wamelala kama wagonjwa wanaongoja daktari wa zamu:
kikombe cha divai chenye alama ya jino la mtu,
joho la Torati, mahameli iliyotafunwa na nondo
hata simba wawili wamebaki mmoja na mkia,
na mkono wa fedha, mdogo kuliko wa kichanga,
kidole kimoja kimenyooka.

Waliufua ili mkono wa nyama
usiyaguse maneno. Msomaji aliupitisha
kulia kwenda kushoto, Jumamosi baada ya Jumamosi,
na ncha ya kidole ikalika, ikawa butu.
Sijui ililiwa na nini.
Leo naushika kwa glavu. Ukutani tumebandika: USIGUSE.
Nacheka peke yangu. Kisha nanyamaza.

Mimi ni Zdenka Havránková. Si wa ukoo wao.
Nimekulia hapahapa Moravia, nyumba ya mtaa wa chini,
yenye kovu la mshazari kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia,
limepakwa rangi mara nne na bado linaonekana.
Baba alisema ni kazi ya seremala mlevi.
Kila nilipotoka shule nilipitisha kidole humo,
basi tu, kitoto,
miaka ishirini kabla ya kujua
kwamba wenye nyumba nao walikuwa wakigusa papo hapo
wakiingia, wakitoka.
Hatukuwahi kuulizana walitoka kwenda wapi.

Sasa mnara.
Mnara wa manukato, urefu wa kiganja na nusu,
una madirisha, una kengele isiyolia, una bendera kileleni.
Sabato ikiaga waliufungua, ukazungushwa pua kwa pua
ili roho isizimie kwa kuondokewa.
Kadi yake ni ya majira ya baridi, elfu moja mia tisa arobaini na mbili:
*Fedha. Mlango mmoja. Bendera imepinda. Yaliyomo: tupu.*
Pembeni, I. R.

Irma Redlichová. Vyombo vya watu wake vililetwa kwa malori,
wenyewe wakapelekwa kwa treni,
naye katikati, na mashine ya taipu.
Nukta zake alizibonyeza hadi karatasi ikatoboka;
ukiinua kadi dirishani, nuru inapenya
mwisho wa kila sentensi.
Kuanzia kadi ya 1,140 nukta hazitoboi tena.
Mashine ni ileile.

Nimefungua kile kimlango kwa kibanio.
Ndani, kwenye kona,
karafuu. Moja. Kichwa chake kizima.

Irma hakukosea; mtu aliyehesabu nyuzi za pindo
hakosi kuona karafuu.
Kwa hiyo aliiona, akaandika tupu,
maana kilichoandikwa kilikuwa kimeshachukuliwa.

Nimeinama. Nimevuta pumzi.
Harufu? Kidogo mno. Labda ni ya mikono yangu,
labda ni hamu tu.

Kanuni ya jumba haina utata: kinachopatikana
kipigwe picha, kipimwe, kipewe nambari.
Mkuu wetu, bwana Kubíček, anataka kadi mpya kufikia Ijumaa.

Nimerudisha kimlango. Bendera nimeiacha ilivyopinda.
Mbele ya *Yaliyomo* nimenakili neno lake,
na nukta nimeikandamiza
mpaka nikaona meza.