Ngozi ya Ngoma

Kwetu babu huitwa dada.
Majirani wa Bondeni walicheka mpaka wakazoea:
"Dada yako mwenye masharubu karudi kazini?"
Karudi. Sindano mdomoni, nta kwenye kucha,
na ile harufu ya ngozi isiyotoka kwa sabuni wala ndimu.

Jioni alikaa ngazi ya chini ya hekalu
akilinda viatu vya waumini.
Alijua nani hutembea kiupande,
nani kafilisika, ang'arisha juu
na soli ina tundu.
Kengele ikilia ndani, naye alisimama akavua vyake,
hapo hapo nje, kwenye saruji yenye joto.

Pujari alimletea prasadi,
akaidondosha kutoka juu kama alishaye kuku,
vidole visije vikakutana.
Dada alikinga mikono miwili. Haikuanguka hata punje.
Nami, mtoto wa miaka sita, nilidhani ni mchezo,
nikasifu shabaha.

Kisha ngoma ya hekalu ikapasuka,
siku tatu kabla ya Navaratri.
Ililetwa usiku, imeviringishwa shuka, kama maiti.
Akaloweka ngozi ya mbuzi, akaivuta, akaikaza,
akaigonga kwa ukucha, sikio kalilaza,
akaikaza tena,
mpaka ikaitika.
Ngozi ikaingia ndani, ikawekwa miguuni pa Mama Amba.
Aliyeiwamba akarudi kwenye viatu.

"Siku hizi mambo hayo hakuna," aniambia katibu,
kijana mwema, hunywa chai kwangu, kikombe changu.
Kweli. Naingia. Kengele naipiga mwenyewe.
Prasadi huwekwa kiganjani,
kidole cha pujari hugusa ngozi yangu, hakishtuki.
Ila juzi mamake katibu
alimwona mwanangu na bintiye wakicheka
penye mashine ya miwa,
akanijia, shela kichwani, sauti ya asali:
"Hivi, ninyi ni akina Parmar wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Bondeni."

Akatabasamu. Akasubiri jibu.

Ngoma ilikuwa imeanza. Ile ile.
Chini ya ukingo, pasipotazamwa na mtu,
bado pana mshono wake mmoja wa uzi mwekundu.
Niliupapasa zamani, siku ya kwanza kuruhusiwa.
Nilijua ulipo hata gizani.
Mama yule bado alikuwa akinitazama,
na mguu wake mmoja, bila yeye kujua,
ulikuwa ukifuata mdundo.