Sensa ya Akiba

Dukani Elko waliniwekea mbili mezani:
moja kwa bei ya chakula cha mchana,
moja kwa bei ya kunivua kofia.
"Zote zitawasha lori," alisema Lavonne,
"suala ni mpaka lini."
Nikachukua ya ghali.
Ndogo, kama kidole gumba cha mtoto.

Lori la mwaka tisini na saba, lingeweza kuvuta nyumba,
lakini kidude hiki kikinyamaza, nalo kimya:
hakuna moshi, hakuna kikohozi,
usukani tu unakuwa mzito ghafla mikononi.

Nimeitia kwenye soksi ya Merle
pamoja na spana namba kumi,
chini ya kiti, upande aliokuwa akikaa.
Akiba haiozi, husema watu.
Mpira wake hukauka, lakini.
Kila Novemba naupaka oili.

Jana, maili arobaini kabla ya Tonopah, theluji ikianza,
kijana kasimama, boneti wazi,
lori lake pacha wa langu.
Sikumwuliza mengi.
Vidole vilikufa ganzi, bolti ikaangukia matopeni,
tukaitafuta kwa tochi ya simu.

Likawaka.
Akatoa pochi.
Nikamwambia: soksi tu, nirudishie.