Wanga

Duka la Buruburu, rafu ya tatu, saa kumi na moja jioni.
Nimeshika pakiti ya biskuti
kama aliyeletewa samansi.
Mbele pana ng'ombe anayecheka na ngano inayopepea.
Nimeigeuza. Ukweli hukaa mgongoni,
kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa,
na miwani nimeiacha kazini.

Natafuta neno moja: wanga.

Utotoni, Machakos, wanga walikuwa watu.
Walizunguka nyumba yetu uchi usiku wa manane
na asubuhi tukawaamkia kisimani.
Mwalimu Shekue akatusahihisha: kuwanga, enyi watoto,
ni kuhesabu, Kiswahili cha kale.
Na tangu nipasuliwe, kila nikihesabu
kichwa kinaniwanga.
Neno hilo, na maana zake zote,
limehamia katika mstari mmoja wa jedwali.

Kwa gramu mia: sitini na nane.
Kwa mgao mmoja: kumi na saba.
Mgao mmoja ni biskuti mbili na nusu.
Nani katika ukoo wetu
aliwahi kurudisha nusu ya biskuti pakitini?
Miaka kumi na tisa nimeandika vitabu vya kiwanda cha rangi;
najua deni linavyokatwa vipande
ili mdaiwa apate usingizi.

"Tumbo lako, Syombua," alisema Bi Nasimiyu wa lishe,
"lilikuwa kiondo. Sasa ni ndizi moja."
Akaichora kwa kalamu nyekundu, akanipa karatasi.
"Protini iketi kwanza, wanga usubiri mlangoni.
Na usiishie kwenye mstari wa sukari.
Panda mstari wa juu yake, wanga wote kwa jumla:
humo ndimo sukari hulala na jamaa zake."
Sukari ina majina kama mpangaji anayekwepa kodi,
glukosi hapa, sharubati ya mahindi pale,
maltodekstrini, nililodhani ni dawa ya mende.

Niliitikia tu. Mwezi wa pili nikala mtindi,
nusu kikombe, umeandikwa kwa kijani HAUNA MAFUTA,
na kweli haukudanganya, mafuta hayakuwamo.
Robo saa baadaye moyo ulikuwa jenereta,
jasho likanitoka hadi kwenye kope,
nikalaza shavu juu ya vigae vya choo cha ofisi
nikimsikia Kerubo wa mapokezi akiuliza mlangoni
kama ni mimba.
Nina miaka hamsini na miwili.

Kwa hiyo nasoma.
Mlinzi amenipita mara tatu; mara ya nne anasimama.
Beji yake inasema Lokwawi.
"Mama, umepotelewa na kitu?"
"Nasoma."
"Biskuti?"
Anaitazama pakiti, ananitazama mimi, mkoba wangu,
koti linaloning'inia mabegani kama la kuazima,
maana mwili uliolijaza haupo tena.
Kisha anatoa mfukoni chupa ya soda, imebaki nusu.
"Hii nayo inasemaje?"
Nainyosha mbali na uso, nakunja jicho.
Chupa nzima, gramu hamsini na tatu.
"Vijiko kumi na vitatu vya sukari," namwambia, "na chembe."
Anatulia. Anahesabu kwa vidole, anarudia.
"Ndiyo inayonikesha," anasema,
anainywa hadi tone la mwisho.
Biskuti nairudisha rafuni. Yeye anainyoosha,
ng'ombe atazame mbele.

Nyumbani Mwikali, dada yangu, ameshapakua.
Maharagwe, sukuma, na mlima wa ugali unaofuka moshi.
Nala maharagwe kwanza, polepole, natafuna hadi yanapoteza ladha.
Mwikali hunihurumia kwa macho, nami sipendi.
Halafu namega ugali, kiasi cha kibiriti.
Mama alitusongea huu huu katika nyumba ya chumba kimoja, Kaloleni,
na kipimo chake kilikuwa sauti:
mwiko ukilia hivi, umeiva; watoto wakinyamaza, umetosha.

Nimelishika tonge kwenye vidole, la moto.
Nimeligeuza, mazoea tu,
kuona kama nyuma pameandikwa kitu.