Mpishi wa Kisicho Dawa

Kazi yangu pale hospitalini Daegu,
ghorofa ya chini, mlango usio na jina,
ilikuwa kupika uongo
ulioidhinishwa na kamati.

Watu mia na arobaini, magoti yao yakilia ngazini:
nusu wanywe mchemsho wa mizizi,
nusu wanywe wangu.
Asijue mgonjwa, asijue muuguzi,
asijue hata Daktari Tak mwenye utafiti wake.
Vifuko rangi moja, ujazo mmoja,
vimezibwa kwa moto, vina tarakimu tu.

Kidonge cha uongo ni rahisi: unga, sukari, basi.
Lakini mchemsho una harufu. Una mashapo.
Unang'ang'ania ulimi kama deni.
Nikaunguza shayiri nipate weusi,
nikatia uchungu wa kopo, uliopimwa kwa miligramu,
nikatafuta harufu ya udongo uliopata mvua
mahali pasipo na udongo.

Wa kwanza nilimpelekea mama.
Mama, Pyo Mal-lye, miaka hamsini na mbili
anauza mizizi katika mtaa wa waganga,
duka la droo mia mbili zisizo na maandishi,
na mkono wake haukosei droo hata umeme ukikatika.
Alionja, akatema kwenye kitambaa.
"Nimepiga hodi," akasema. "Humu hamna mwenyewe."

Nikarudi Jumamosi. Nikarudi tena.
Wa pili aliutambua kwa ukali wenye haraka,
wa tano kwa namna ulivyotoka kooni bila kuaga.
Wa tisa hakuuonja; aliunusa tu, akaendelea kukata magome.
Siku moja akaniuliza, macho kwenye kisu:
"Mkishapima, mtaniambia nini?
Kwamba goti la baba yako lilipona kwa makosa?"
Sikumjibu. Niliuhitaji ulimi wake.

Jumamosi ya kumi na tatu
alikunywa wote, akafuta midomo.
"Leo umechoka na uongo, umeniletea wa kweli.
Mzizi mzuri hivi, msimu huu, umeutoa wapi?"

Nilipokea kikombe kwa mikono miwili.
Nilipanda basi, nikashuka kituo cha pili,
nikasimama nyuma ya kibanda cha tiketi nikalia
kama mtu aliyemwibia kipofu chenji.

Majira ya baridi yakaja, na wagonjwa wakaja.
Bibi Bong Chun-ja, namba themanini na sita,
kila Alhamisi alileta persimoni zilizokaushwa kwa uzi,
akasema sasa anapanda hadi hekaluni,
ngazi mia tatu na kumi na mbili, kazihesabu,
hata ile iliyovunjika.
Nilikula persimoni zake. Mimi niliyepika
vyote viwili, sikujua chake ni kipi;
jibu lilikuwa ndani ya bahasha
katika kabati la mtu wa takwimu.

Bahasha ilifunguliwa Aprili.
Waliokunywa mizizi walipata nafuu.
Waliokunywa shayiri yangu walipata nafuu.
Kati yao palikuwa na pengo, si kubwa,
Daktari Tak akalichambua siku tatu
kama mchele unaotafutwa chuya,
akaandika: huenda.
Akaandika: utafiti zaidi unahitajika.

Themanini na sita alikuwa amekunywa wangu.

Barua nilimsomea mimi, miwani yake ilikuwa imevunjika.
Alinyamaza. Aligonga goti kwa kidole,
kama anayejaribu tikitimaji sokoni.
"Na zile ngazi," akauliza,
"nazo zilikuwa za uongo?"

Sasa ripoti imechapwa, kurasa kumi na nne,
jina langu liko kwenye shukrani, kwa herufi ndogo.
Mama hasomi ripoti.
Ila kila Jumamosi, akinipimia chai,
bado ananiuliza jina la mkulima wa mzizi ule.
Namwambia anakaa mbali sana.
Namwambia hapokei simu.