Poda

Kazi yangu ni nyuso. Kila jioni, saa moja kasorobo,
wananiletea wajuzi wa gesi hapa studio, Hilversum,
nami nawapaka poda wasing'ae.
Paji la uso hutoa jasho kabla ulimi haujasema.
Hilo nimejifunza tangu vita vianze kule mashariki.

Bwana Terpstra hupenda kiti cha kushoto,
Daktari Roelofs cha kulia.
Wote wawili huja na karatasi moja:
mchoro wa bei, mstari mwekundu
unaopanda kama paka aliyekurupushwa na mbwa.

"Adui," asema wa kushoto. "Tazama hapa, alipofunga bomba."
"Sisi wenyewe," asema wa kulia. "Tazama hapo hapo, tulipoweka vikwazo."
Kilima kile kile, vidole viwili.
Kila mwamba ngoma huvutia kwake,
nami nimesimama nyuma ya kamera na kopo langu la poda
naisikia ngozi ikitatarika.

Mwaka juzi Terpstra alisema visima vya kaskazini vifungwe,
ardhi imechoka, tuihurumie.
Chama chake kilikuwa nje ya serikali.
Sasa kimo ndani, na ardhi, nasikia, imepona.
Roelofs, aliyekuwa akililia visima,
siku hizi analilia nyumba za watu.
Walibadilishana maneno
kama wateja wanaochukuliana makoti mkahawani kwa makosa,
na kila mmoja, alipojitazama kiooni,
akaona limemkaa.

Mimi kwetu ni huko kaskazini. Loppersum.
Mama yangu, Hilje, ana miaka sabini na tisa
na nyumba ya matofali iliyoegemezwa magogo upande wa magharibi,
kama mlevi na rafiki yake wakirudi usiku.
Juu ya ufa wa jikoni mafundi walibandika kipande cha kioo:
kikivunjika, ndipo watajua ukuta umesogea tena.
Mama hukifuta vumbi kila Jumamosi.
Anashinda na koti ndani ya nyumba.
Ankara ya gesi ameitia ndani ya Biblia,
kwenye kitabu cha Ayubu,
wasomane.

Jumanne moja Terpstra alifumba macho kitini pangu.
"Fenna," akasema, "kwa kweli mimi sijui.
Baridi ikikaza, bei itapanda. Upepo ukivuma, itashuka.
Na vita... Hakuna ajuaye, Fenna. Hata mmoja."
Brashi ikasimama hewani.
Nilikuwa sijamwamini mtaalamu tangu msimu wa theluji,
na sasa nilimwamini huyu, amefumba macho,
na taulo shingoni kama mtoto anayenyolewa.

Kisha taa ikawaka.
"Bila shaka yoyote," akaanza,
na sauti yake ilikuwa imepigwa pasi.
Nikaitazama pamba mkononi mwangu, yenye rangi ya ngozi yake,
nikajiuliza kama lile "sijui"
nililifuta mimi.

Nalipwa kwa saa. Sikumwambia mtu.

Jumamosi nikapanda treni kwenda kwetu.
Mama alikuwa ameiwasha televisheni bila sauti;
anadai sauti nayo inakula umeme.
Kipindi cha Jumanne kilikuwa kinarudiwa.
Midomo ya Terpstra ilifunguka na kufunga
kama ya samaki tangini, na chini yake
maandishi yakipita mbio, bei, bei, asilimia,
na mama hakuwa na miwani.

Alimtazama kitambo kirefu.
"Huyu umempaka vizuri," akasema.
"Hana hata tone la jasho."

Akainuka, akachukua kitambaa chake,
akaenda jikoni.
Nilimfuata kumsaidia kubeba kikombe.

"Usiuegemee ukuta huo," akaniambia
bila kugeuka.