Tarakimu Sita

Nilikosea mara ya tano, mashine ikanifungia.
Haikugomba. Iliandika tu, kwa adabu ya karani wa benki:
Akaunti hii imefungwa. Thibitisha kwamba ni wewe.

Mimi nani, basi? Driciru wa stoo ya dawa,
chumba cha nyuma ya hospitali, hapa Arua,
niliyerudi jana kutoka likizo ya uzazi
maziwa yakinilowesha gauni,
na nywila niliyoiacha humu miezi mitatu iliyopita
imenitoka kama jina la jirani aliyehama.
Nilijaribu jina la mtoto.
Nilijaribu tarehe ya harusi.
Nilijaribu tusi, kwa herufi kubwa, kisha kwa ndogo.
Na ripoti ya chanjo inangojwa Kampala saa kumi na moja.

Tumetuma tarakimu sita, ikasema,
kwa namba inayoishia sabini na tatu.

Sabini na tatu!
Laini ile niliitupa mwaka juzi,
wiki niliyoolewa kanisani,
ili nisisikie mtu fulani wa Yumbe akinikataza.

Nikaazima simu ya Afeku, nikapiga.
Akapokea mwanamke, nyuma yake kinu kinanguruma.
Nasaga odii, karanga na ufuta, soko la Koboko.
Wewe nani?
Nikamweleza. Akacheka bila furaha.
Dada, wezi wa simu huanza hivihivi:
kwanza dada, halafu tarakimu,
halafu salio sufuri.
Nikaapa. Akasema hata wezi huapa, tena vizuri.
Kwenye skrini dakika zilikuwa zinapungua,
kumi, sita, mbili,
kisha tarakimu zile zikafa, nikaomba nyingine.

Nikasikia kinu kinazimwa.
Haya, akasema, nikuulize mimi.
Namba hii hupigiwa na mzee mmoja
kila Ijumaa, baada ya swala.
Namwambia, mzee, laini hii si ya mwanao, nimeinunua.
Anasema: basi mwambie.
Namwambia simjui.
Anasema: basi ukimjua.
Mwaka na nusu sasa. Kama wewe ni wewe,
anakuitaje?

Stoo ilinyamaza. Friji la chanjo peke yake likanung'unika.
Afeku alijifanya anahesabu mabomba ya sindano.

Kibiriti, nikasema.
Kwa sababu nilichoma jiko la nyasi nikiwa na miaka sita,
akatoka nami kwapani, nyusi zimemwungua,
anacheka, anakohoa, anacheka.

Yule mwanamke hakujibu upesi.
Kisha akanisomea, polepole,
kama mtu anayepimia mteja karanga kwa kopo
na kuongeza kidogo juu:
nne. Sufuri. Tisa. Tisa tena. Moja.
Umeandika? Sita.

Mlango ukafunguka. Kila kitu kilikuwa palepale:
surua, pepopunda, polio,
safu za mwezi wa tatu nilizoziacha wazi,
na juu kabisa, karibu tena, kana kwamba
nilikwenda tu kunywa chai.
Ikanitaka nywila mpya,
herufi zisizopungua nane, na tarakimu moja ndani yake.
Niliyoiandika siisemi. Ina moto kidogo.

Ngoja, akasema yule mwanamke, usikate.
Ijumaa iliyopita aliacha ujumbe.
Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweusi.
Ukuta wa choo umeanguka kwa mvua.
Basi, ni hayo tu.
Halafu akakohoa, akangoja,
akangoja mpaka salio likamwishia.

Ripoti ilikwenda saa kumi na dakika hamsini.
Nimekaa na simu ya Afeku mkononi.
Namba ya Yumbe haijabadilika tangu niijue,
vidole vinaikumbuka vyenyewe,
haina swali, haihesabu makosa.
Leo ni Jumanne.
Hatarajii mtu.