Mkunga

Siku ya kwanza Bi Bogumiła hakunipa brashi.
Alinipa msasa, karatasi tatu,
akanionyesha sanduku la umeme kando ya kituo cha tramu:
bati la kijivu, limebandikwa matangazo
ya madarasa ya Kijerumani, ya paka aliyepotea,
ya chumba kwa mpangaji asiyevuta sigara.
"Lisikilize kwanza."
Nikaweka sikio. Linanguruma.
"Hilo liko kazini, Kalina. Wewe ndiye mgeni.
Mgeni haanzi kwa kuhamisha viti."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
michoro arobaini kwenye simu,
na barua ya manispaa, yenye mhuri, iliyoniita msanii chipukizi.
Neno hilo lilinikera.
Nikakwangua gundi siku mbili,
kucha zikajaa paka, zikajaa Kijerumani.

Mji wetu unaitwa Mashua, ndiyo maana ya Łódź,
lakini muulize mtoto mto uko wapi, atakuonyesha bomba.
Waliufukia zama za viwanda vya pamba,
ulipokuwa ukitoka mwekundu leo, kesho buluu,
kwa kufuata kitambaa kilichotiwa rangi.
Bado unapita, chini ya reli, chini ya duka la mikate,
gizani, bila kumwomba mtu ruhusa.
Nikasema nitachora mkunga
aliyepanda kutoka huko,
akalizunguka sanduku mara moja na nusu:
kichwa upande wa barabara, mkia mlangoni.

Bi Bogumiła alichora nguzo za madaraja miaka thelathini
mpaka goti lake moja likagoma.
Sasa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mfukoni.
Haikutoka ila kwa chai,
na mara chache kwa kidole:
"Matundu ya hewa usiyazibe, sanduku linapumua.
Alama ya radi iache.
Na hapo shingoni unadanganya."
"Nadanganya vipi?"
"Unajua."
Nilijua. Shingo ile niliiba kwenye picha ya mtu.
Nikaipiga rangi nyeupe, nikaanza upya kwa hasira,
na hasira ndiyo iliyompa mkunga wangu misuli.
Mzee mmoja mwenye mbwa alilalamikia kodi yake.
Mtoto aliuliza kama anang'ata.
Bi Bogumiła hakujibu wala huyu wala yule.
Alikuwa ameketi tu, kama anayesubiri kupokea.

Novemba fundi umeme alikuja na mlango mpya,
kijivu kitupu. Bawaba za zamani zilikuwa zimeoza, alisema,
na hakuwa mtu mbaya, alinisaidia hata kuokota kofia.
Mkia ukapanda gari, ukaondoka.
Nikampigia simu Bi Bogumiła, nikishindwa kumaliza sentensi.
Nilisikia kijiko kikizunguka glasini.
"Kula kwanza," akasema. "Ukishakula, lala."
Akakata.

Nilimchukia majira yote ya baridi.
Kila asubuhi tramu ilinipitisha mbele ya mnyama aliyekatwa,
nami nikajifunza kutazama viatu.

Februari nilikuwa naenda Bałuty kununua viazi.
Tramu ilisimama karibu na soko, theluji imegeuka tope,
na pale, kwenye sanduku lisilonihusu,
lenye kutu pande tatu,
mlango uliotengenezwa bawaba:
mkia wangu.
Ukiingia ardhini. Au ukitoka. Sikuweza kuamua.
Nikashuka bila viazi, bila akili, nikapiga simu.

"Nimeuona!"
"Najua. Mimi niliuona Desemba."
"Na hukuniambia?"
Kimya. Kijiko.
"Kutoka kichwani mpaka hapo ulipo," akauliza,
"ana urefu gani sasa?"
Nikahesabu kwa vidole vilivyokufa ganzi.
"Vituo vitano."
"Haya," akasema, na kwa sauti yake nikajua
mikono imetoka mfukoni.

Tramu yangu ilikuwa imeshakwenda.
Nikarudi kwa miguu,
polepole, juu ya mgongo wake.